Waliofaulu Goth Sanwal

Goth Sanwal, Sindh
4 Machi 1997

Ada Imdad, kaka yangu,

Nimefika. Basi liliharibika mara mbili njiani. Wanaume wakashuka kusukuma, sisi wanawake tukabaki ndani kutoa ushauri.

Shule yako ipo. Nalisema hili kwanza kwa sababu uliapa mbele ya Amma kwamba nitakuta gofu na nyoka. Ina vyumba viwili, paa zima na ua wenye mkunazi mmoja. Mkabala nayo ipo zahanati ya serikali, jina la daktari limeandikwa vizuri mlangoni, na chini yake kufuli lililoota kutu. Majengo nchi hii tunayo.

Nilimwendea Wadero Nabi Bux nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Unamjua: ardhi yote ni yake, shule alikuwa ameifanya zizi la nyati wake wa maziwa, na mpwa wake ndiye "mwalimu" anayekula mshahara bila kuijua rangi ya chaki. Nilikuwa na barua ya serikali inayokukabidhi shule mkononi na hotuba kichwani. Hakunipa nafasi ya kuianza.

"Funguo hizi hapa, Adi, dada yangu," akasema. "Chukua leo hii. Mimi shule siitaki."

"Na nyati je?"

"Nyati wameikataa tangu mwaka juzi. Ukiwaswaga kwa fimbo waingie, wanavunja mlango kutoka. Uliza mtu yeyote."

Nikadhani ananichezea. Lakini nilipofungua darasa, Ada, sikukuta samadi wala utando wa buibui. Sakafu ilikuwa imefagiwa, alama za ufagio bado zinaonekana vumbini. Na uani, mbao za kuandikia, kama zile sisi tulizozipaka udongo kufuta maandishi tukiwa wadogo, zilikuwa zimeegemezwa ukutani zikauke juani, safu nzima, zote zimepakwa upya na hazina hata herufi.

Nimeuliza nani kafanya kazi nzuri hivi nimpe asante yake. Watu wananitazama, kisha wananiuliza habari za Karachi.

Nimepanga kwa Masi Sabhagi, mjane wa yule fundi wa visima. Ana binti wa miaka minane, Sughran, ambaye tangu nimefika hajaniacha nikapumua: hii herufi gani, na hii, na hii? Kesho naanza kuandikisha watoto, na huyu atakuwa wa kwanza.

Mdogo wako,
Rabail


Korangi, Karachi
9 Machi 1997

Rabail,

Barua yako nimeisoma kiwandani, mashine za kufuma taulo zikinguruma mpaka meza inatikisika. Hongera! Kumbe dawa ya Wadero ni mwanamke mwenye miwani. Ningejua ningekutuma kwa watu wa ushuru pia.

Kuhusu ufagio na mbao, usijisumbue. Yule mpwa kasikia unakuja akaona haya, basi.

Sasa nisikilize. Agosti nchi yetu inatimiza miaka hamsini, na chama cha wenye viwanda kimenichagua mimi nisimame niseme maneno. Nitasema nini, Rabail? Pamba tunayo, bandari tunayo, vijana tunao mpaka hatujui tuwaweke wapi, na bado Mjerumani anayenunua taulo zangu ananifundisha hata namna ya kuzikunja. Sitaki kusoma hotuba ya kulalamika. Nataka niseme: kijijini kwetu palikuwa na shule hewa, nimeichukua, sasa ina watoto, na wengine wenu fanyeni hivyo hivyo. Hapo ndipo nchi hii itakapoanza kufanana na inavyoweza kuwa. Naliamini jambo hili, usicheke.

Lakini mimi mfanyabiashara. Mwisho wa Machi ukifika hakuna watoto darasani, nafunga. Jengo litakuwa ghala la pamba, na wewe utarudi hapa kufundisha watoto wa matajiri kuimba kwa Kiingereza.

Amma anakusalimu. Anauliza unakula?

Imdad


Goth Sanwal
15 Machi 1997

Ada,

Nakula. Sina mwanafunzi hata mmoja.

Nimepita nyumba zote. Kila mlango napewa chai, sukari tele, na kila mlango naambiwa hapana. Nikafikiri ni hofu ya Wadero. Nikafikiri hawataki wasichana wasome. Jana nilichoka, nikamgeukia Masi Sabhagi jikoni kwake akipika mikate, nikamwambia, "Wewe nawe? Mtoto anakesha anaota herufi, unamzuia kwa nini?"

"Simzuii. Darasa limejaa, mwalimu."

"Limejaa nani? Nimetoka huko sasa hivi, mabenchi matupu."

"Ukimwingiza Sughran, aliyekaa pale umpeleke wapi?"

"Nani aliyekaa pale, Masi?"

Akageuza mkate kwanza. "Dada yake," akasema.

Ada, keti ndipo usome. Unaukumbuka ule mwaka wa maji, mto ulipovunja tuta? Sisi tulikuwa Karachi tukituma mablanketi. Maji yalipoondoka ikaja surua. Wazazi waliwabeba watoto mpaka mlango wa zahanati, wakawalaza kivulini, wakangoja daktari afike. Kufuli ni lile lile. Hurmat, dada yake Sughran, alifia pale akiwa na miaka sita, na si peke yake.

Baadaye akaja mtu wa serikali kufungua shule, akataka majina ya watoto. Wewe ni wa huku, unajua hakuna mama atakayempa mgeni jina la mtoto wake aliye hai aende nalo mjini likapatwe na jicho baya. Lakini Wadero alitaka majina ili shule ipatikane na mpwa wake apate mshahara. Basi kila mama akatoa jina ambalo jicho haliwezi tena kulidhuru.

Kila mwaka yule mpwa aliwapandisha darasa ili taarifa zake zikae sawa. Akipita njiani anawaambia kina mama, kwa mzaha, "Hurmat wako yuko la pili." Mwaka mwingine, "Yuko la tatu." Nao siku hiyo wanapika wali. Walijua ni uongo wa ofisini. "Tulijua, mwalimu," Masi aliniambia. "Halafu mbao zikaanza kupakwa udongo."

Nilikataa, Ada. Mimi nimesoma, nimefundisha fizikia. Leo asubuhi nilikwenda nikafungua darasa, jua linawaka, nikageukia ubao niandike tarehe ili tu nijionyeshe kwamba siogopi. Nyuma yangu nikasikia mabenchi yakikwaruza sakafu, yote kwa pamoja, kama wanafunzi wanavyosimama mwalimu akiingia.

Sikugeuka. Nikasema, "Kaeni."

Wakakaa.

Rabail


Korangi
20 Machi 1997

Rabail,

Nimeisoma mara mbili, nikamficha Amma. Mdogo wangu, jua la huko ni kali na wewe huvai kitu kichwani ukiwa uani, nakujua. Rudi ukitaka. Sitakucheka, au nitakucheka kidogo tu.

Lakini kama unabaki, tufanye kazi. Mtu hakatai bidhaa bila sababu. Hao wazazi hawaoni faida. Msichana akisoma mpaka la tano halafu iweje? Arudi kwenye kinyesi cha nyati akakibandike ukutani kikauke kiwe kuni? Wape sababu. Nimeweka humu karatasi yenye saini yangu na mhuri wa kiwanda, isome mbele ya kijiji kizima: *Kila mtoto atakayemaliza darasa la tano katika shule ya Goth Sanwal, lango la kiwanda changu liko wazi kwake, na kazi ipo.* Bila shaka ni wakiwa wakubwa, lakini maneno mengi huharibu tangazo.

Neno langu unalijua. Katika soko la taulo sina kingine.

Imdad


Goth Sanwal
1 Aprili 1997

Ada Imdad,

Tangazo lako limesomwa, na watoto wamepatikana. Leo nimeandikisha wasichana kumi na wanne na wavulana tisa, Sughran mbele yao kama alivyoapa. Wote wanapumua.

Nitakuambia nilivyofanya, na ukitaka kucheka, cheka. Niliwaita kina mama uani nikawaambia: watoto wenu wamekaa darasani miaka mitano. Darasa la sita hapa hakuna. Mwanafunzi aliyemaliza hazuiwi mlangoni, anapewa matokeo yake aende zake. Basi jana, siku ya matokeo, tulifanya kama inavyofanywa kila mahali. Mashada ya maua, ladu tamu kwenye sinia, nguo za Idi. Kina mama walikaa ukutani. Nikasimama mbele ya mabenchi matupu nikaita jina moja moja, na kwa kila jina nikasema, "Amefaulu."

Masi Sabhagi akanyanyua mkono. "Hurmat kafaulu vipi? Vizuri au vivi hivi?"

Sijui kwa nini nilijibu nilivyojibu. Nikasema, "Vizuri. Hisabati ndiyo imemsumbua kidogo."

Masi akaangua kicheko na machozi hapo hapo. "Ndiye huyo! Nilimtuma mayai, kila siku anarudi na pungufu!" Nami nikalia mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya maishani.

Kila mama akaweka shada na ladu mbele ya nafasi ya mtoto wake. Kisha nikasoma karatasi yako, yote, mpaka saini. Waliisikiliza kwa makini sana. Mmoja akauliza kiwanda kiko upande gani wa Karachi, nikaeleza: unashuka kituo cha Korangi, unafuata ukuta wa bluu.

Tulipotoka, mabenchi yalikwaruza. Nzi hawakuzigusa zile ladu. Leo asubuhi maua hayakuwepo, sakafu haikufagiwa, na mbao zilikuwa kavu, zimepasuka, hakuna aliyezipaka. Sughran ndiye aliyefagia. Kwa mara ya kwanza darasa lilinuka vumbi na watoto.

Utaipata hotuba yako.

Rabail


Korangi
12 Aprili 1997

Mwalimu Mkuu Rabail Khoso,

Ishirini na tatu! Nimenunua ladu kwa wafanyakazi wote. Umewafanyia marehemu mahafali, sawa, kila mtu na mbinu zake za mauzo. Nimemsimulia mhasibu akaacha kula.

Huku mambo si mabaya. Bwana Vogt, mteja wangu wa Ujerumani, anakuja Mei kutia saini ya oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata. Anakuja mwenyewe kukagua, maana siku hizi huko kwao mnunuzi hagusi mzigo mpaka ahakikishe hakuna mtoto kiwandani. Na aje. Mimi sijaajiri mtoto hata wa kupeleka chai.

Kero moja ndogo. Gulzarin, mlinzi wangu, yule Mpathani wa milimani mwenye masharubu ya kutisha watu, ameacha kazi. Anasema kila asubuhi kuna watoto wamekaa chini nje ya lango, wamevaa mashada yaliyonyauka. Akiwafukuza hawaondoki, akiwasogelea hawapo. "Sahib, mimi nimepigana na majambazi," ananiambia, "lakini hawa wananitazama kama mimi ndiye niliyechelewa." Nimemwambia apunguze bangi.

Kumbe wewe uliwaelekeza mpaka rangi ya ukuta, eti?

Natania.

Imdad


Goth Sanwal
22 Aprili 1997

Ada,

Idi njema iliyopita. Wadero alituma paja la mbuzi kwa walimu wote wa shule, yaani mimi.

Sughran anaandika jina lake na la mama yake, na ameanza kusahihisha maandishi kwenye magunia ya mbolea. Nikitazama mbali, namwona akiwa mwalimu wa hapa mimi nikiwa kikongwe.

Kuna jambo moja. Kina mama wanakuja jioni kuniuliza, mmoja mmoja, kwa aibu: "Wamefika salama?" Nimewaambia sijui. Masi Sabhagi anauliza kama Hurmat anapewa kitu cha moto asubuhi, maana tumbo lake halikuwahi kuwa zuri.

Nijibu nini, Ada? Usitanie safari hii.

Rabail


Korangi
7 Mei 1997

Rabail,

Sitanii.

Kwanza zilikuwa taulo. Mzigo uliobaki mezani jioni, asubuhi tunaukuta umekunjwa. Nikafurahi, nikadhani wafanyakazi wanajipendekeza kwa ajili ya Mjerumani. Kisha nikaishika moja. Imekunjwa pembe nne kwenda katikati, na ncha ya mwisho imechomekwa ndani, kama Amma anavyofunga mikate kwenye kitambaa ibaki na joto. Karachi nzima hakuna anayekunja taulo hivyo. Ni sisi wa kule.

Wanawake wa kukunja wamehamia meza za mbele. Mmoja huacha vipande vya mkate meza ya nyuma.

Bwana Vogt alikuja juzi, saa nne asubuhi, jua tupu. Nilimtembeza mwenyewe. Alifurahi, akapapasa kila kitu. Tulipofika chumba cha kukunja akasimama. Akanyoosha kidole meza za nyuma, akauliza kwa sauti ya chini, "Wale wana umri gani?"

"Wepi?"

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mwongo. Nikageuka. Rabail, kwenye meza za nyuma hapakuwa na mtu. Lakini rundo la kushoto lilikuwa likipungua na rundo la kulia likipanda, taratibu, na hakuna upepo mle ndani.

Ameondoka bila kutia saini. Ameniambia, "Ulinipa neno lako." Mimi! Nikamfuata mpaka kwenye gari nikimwambia hakuna watoto, namwapia, naye anazidi kunichukia, kwa sababu amewaona kwa macho yake. Nikipoteza oda hii nafunga nusu ya mashine, na watu mia mbili wanarudi kwao mikono mitupu.

Waite. Sijui inafanywaje, wewe ndiye mwalimu wao. Waambie nilikosea. Waambie tangazo lilikuwa la kuwavuta walio hai. Nisaidie, dada yangu, nimeogopa.

Imdad


Goth Sanwal
12 Mei 1997

Ada wangu,

Niliposoma barua yako nilitaka kupanda basi nije nikushike mkono. Kisha nikaisoma tena, nikakasirika.

Unataka niwaambie ulikosea nini? Uliwaahidi, wakaja. Wamefanya kazi bila kuuliza mshahara, na kwa maneno yako mwenyewe, hata mkate wao wanapewa na wafanyakazi wako. Umeogopa kwa sababu umeonekana nao, si kwa sababu wako pale.

Lakini kosa kubwa ni langu. Nilikuwa na haraka ya benchi tupu. Niliwapa matokeo nikawatoa mlangoni, nikawaelekeza mpaka rangi ya ukuta, wala sikujiuliza ni watoto wa umri gani ninaowatuma kiwandani. Wana miaka kumi, kumi na mmoja. Huyo Mjerumani wako ndiye mtu pekee kati yetu aliyeuliza swali la maana.

Nimewaambia kina mama ukweli wote. Nilitegemea vilio. Masi Sabhagi akasema tu, "Mpigie kaka yako simu mjini, umwambie mtoto wa la tano hafanyi kazi. Anaenda la sita."

"La sita halipo, Masi."

"Basi si ndilo hilo?"

Ndilo hilo, Ada. Hata Sughran akimaliza la tano atakwama pale pale, pamoja na herufi zake zote. Shule ya sekondari iliyo karibu iko mjini, na hakuna msichana wa hapa atakayeruhusiwa kwenda huko na kurudi kila siku. Tumejenga mlango unaofungukia ukutani.

Hapa siwezi kuwaita, kwa sababu sina pa kuwaweka. Darasa lao nimewapa wadogo zao. Jenga la sita, kisha waambie wewe mwenyewe. Wewe ndiye uliyewaahidi.

Rabail


Korangi
10 Juni 1997

Rabail,

Matofali yameagizwa. Vyumba vitano, la sita mpaka la kumi, maana nimeanza kukujua: ningejenga kimoja ungeniandikia mwakani. Fundi atafika keshokutwa. Wadero ametoa kiwanja bila kuombwa, amesema tu kisiwe karibu na zizi.

Nilifanya ulivyosema. Ijumaa, kiwanda kimefungwa kwa sala, niliingia chumba cha kukunja peke yangu, nikasimama mbele ya meza za nyuma. Nilijiona mjinga kabisa. Nikasema kwa Kisindhi, lugha ambayo sijaitumia humu ndani tangu nianze kuvaa tai. Nikasema: wanangu, kazi yenu nzuri. Lakini ninyi bado wadogo, na neno langu lilikuwa na haraka. La sita linajengwa. Nendeni nyumbani mkasome. Mkikua, lango ni lile lile.

Kisha kiti kikasogea. Kisha vingine.

Nilikuwa nimekodi basi zima, siti zote, na niliwaambia wapite nyuma ya ukuta wa bluu. Dereva aliona mtu mzima amesimama akihesabu hewa ikipanda gari. Akanitoza nusu zaidi, sikubishana. Amerudi leo. Anasema gari tupu lile lilipanda mlima wa Sehwan kama limebeba saruji, na kwamba njia nzima alisikia wimbo wa jedwali la kuzidisha, na kila wakifika saba mara nane, mmoja anakosea na wengine wanacheka.

Nikakumbuka mayai.

Bwana Vogt nimemwandikia. Sikujitetea. Nimemwambia watoto aliowaona wameondoka na wamerudishwa shule, na aje aone shule yenyewe akitaka. Hajajibu.

Imdad


Goth Sanwal
17 Juni 1997

Ada,

Walifika. Dereva alipozima gari hapa kwenye mkunazi hakushuka mtu, lakini kina mama wote walikuwa wameshatoka ndani kabla hatujasikia mlio wa injini. Masi Sabhagi alikuwa na bakuli la kitu cha moto mikononi. Alilishika hewani kwa muda, kisha akaliangalia. "Kala nusu," akasema. "Siku zote anakula nusu."

Kuta za la sita zimefika kiunoni. Asubuhi fundi alikuta matofali yaliyokuwa lundo njiani yamepangwa vizuri kando ya msingi. Ameuliza nani kafanya kazi nzuri hivi ampe asante yake. Nimemuuliza habari za Karachi.

Rabail


Korangi
16 Agosti 1997

Rabail,

Hotuba nimeitoa. Ukumbi ulijaa, bendera mpaka vyooni, kila msemaji akaeleza nchi yetu itakavyokuwa tajiri. Nikasimama na karatasi zangu. Nilikuwa nimeandika kuhusu pamba, bandari, na nguvu ya vijana. Nikafika kwenye "vijana wetu ndio mtaji wetu" nikashindwa kuendelea. Mtaji! Nilikuwa naona zile taulo zinavyopanda zenyewe.

Nikaweka karatasi chini. Nikawaambia: miaka hamsini tumekuwa tukiwaambia watoto wetu someni, halafu tunakimbilia kwenye lango kuona kama tumelifunga vizuri. Nikawaambia waende wakafungue zile shule zao za vijijini watazame nani amekaa ndani. Wengine walipiga makofi. Mzee mmoja wa viwanda vya sukari alitoka nje, na nilipomkuta baadaye alikuwa amejifungia garini mwake. Alishusha kioo kidogo. Aliniuliza tu, "Wewe uliwafanyaje waondoke?"

Bwana Vogt amejibu. Oda ametia saini nusu. Nusu nyingine, akija kuiona shule.

Sasa nakuja kwenye lile linaloninyima usingizi. La sita, la saba, la nane. Muda unakwenda. Miaka mitano ijayo hao watakuwa vijana, na Sughran nyuma yao, na sitakuwa tena na la kusema kwamba bado wadogo. Watakuja langoni na haki yao. Nami sina ila taulo. Kwa maisha yangu yote nimehubiri kazi kwa vijana, na sijawahi kumuuliza hata kijana mmoja anataka kazi gani.

Waulize, Rabail. Wote, wale na hawa. Wakikua wanataka kuwa nani? Nipe majibu yao nianze kutafuta mapema.

Kaka yako,
Imdad


Goth Sanwal
21 Agosti 1997

Ada Imdad,

Nimewauliza. Kwanza darasa la chini, wanaopumua. Sughran mwalimu. Mvulana mmoja anataka kuwa Wadero, nikamweka kona akafikirie. Mwingine anataka kuendesha lile basi.

Kisha nikaingia la sita. Bado linanuka chokaa. Mabenchi yakakwaruza, nikasema kaeni, wakakaa. Nikawasomea swali lako kama ulivyoliandika. Nikawaambia si lazima wajibu leo, nikatoka haraka kuliko nilivyoingia. Sijawazoea kama ninavyojifanya.

Leo asubuhi mbao zilikuwa juani, zimeegemezwa ukutani safu nzima kama siku ile nilipofika. Safari hii hazikuwa tupu. Niliita Masi Sabhagi aje, kwa kuwa sikutaka kuzisoma peke yangu. Hajui kusoma, kwa hiyo alimshika Sughran mkono, na Sughran ndiye aliyetusomea, ubao baada ya ubao, kwa sauti yake ya darasani. Kila mmoja ana mwandiko wake. Kuna wa herufi kubwa, kuna wa kubanana, kuna aliyepaka wino mpaka pembeni. Neno ni moja. Daktari. Daktari. Daktari. Alisoma mpaka mwisho wa ukuta, kisha akauliza kama amekosea.

Masi alikuwa hatazami mbao. Alikuwa ametazama ng'ambo, zahanati. Kufuli lilikuwa chini kwenye vumbi. Mlango ulikuwa wazi, na ukiingia ndani, Ada, sakafu imefagiwa, madirisha yamefutwa, na kitanda cha wagonjwa kimesogezwa upande wa kivuli.

Usingoje miaka mitano. Tafuta daktari sasa, anayekuja kweli, awe hapa kabla ya mafuriko yajayo. Wao wameshafagia.

Mdogo wako,
Rabail